Hakimu, Hesabu na Filamu: Historia ya Wazo la Mashine Inayohukumu

1. Utangulizi

Mnamo Januari 2026 ilianza kuonyeshwa katika majumba ya sinema filamu ya taharuki iitwayo Mercy, iliyoongozwa na Timur Bekmambetov. Hadithi yake imewekwa katika mji wa Los Angeles wa miaka michache ijayo. Mpelelezi wa polisi, ambaye sehemu yake inachezwa na Chris Pratt, anazinduka na kujikuta amefungwa katika kiti, akishtakiwa kwa kosa la kumwua mkewe. Mbele yake hakuna jaji binadamu, wala wakili, wala wazee wa baraza. Kuna sura ya mwanamke katika kioo kikubwa, Jaji Maddox, inayochezwa na Rebecca Ferguson; naye si mtu bali ni akili iliyoundwa. Mshtakiwa amepewa dakika 90 za kuithibitishia mashine hiyo kwamba hana hatia. Asipoweza, atauawa papo hapo katika kiti hicho. Na kinaya cha hadithi ni kwamba mpelelezi huyo alikuwa miongoni mwa watu walioitetea mahakama hiyo ilipoanzishwa.

Yaweza kudhaniwa kwamba kisa cha namna hii ni zao la miaka hii tu, ambapo kompyuta zimeanza kuandika na kusema. Sivyo. Wazo la kuitoa hukumu mikononi mwa binadamu na kuiweka katika hesabu lina umri wa karne kadhaa, na limesafiri njia mbili zinazopakana: njia ya wanahisabati, wanasosholojia na maafisa wa magereza kwa upande mmoja, na njia ya watunzi wa bunilizi za kisayansi kwa upande wa pili. Makala haya yanazifuata njia hizo mbili kwa pamoja. Hoja yake ni kwamba swali kubwa katika historia hii halikuwa kama mashine ina akili kumshinda jaji. Swali lilikuwa, na bado ni, kama mshtakiwa anaruhusiwa kuisoma hesabu inayomhukumu, na kuijibu.

2. Hakimu na hesabu katika lugha

Kabla ya kuingia katika historia yenyewe, yafaa kuyatazama maneno. Kiswahili kilipokea kutoka Kiarabu jamii moja ya maneno yenye konsonanti za mzizi h-k-m: hakimu, hukumu, mahakama, na hekima. Kwa hiyo katika lugha hii anayehukumu na mwenye hekima ni ndugu wa mzizi mmoja. Neno haki halimo katika jamii hiyo. Lina mzizi wake mbali, nalo husimama nje ya mahakama likiingoja. Msemaji wa Kiswahili anaweza kusema bila kujipinga kwamba hukumu imetolewa lakini haki haikutendeka.

Neno hesabu nalo lina sura mbili. Kwanza ni kazi ya kujumlisha na kutoa. Pili ni maelezo ambayo mtu huyatoa juu ya matendo yake mwenyewe, kama katika usemi kutoa hesabu, au katika Siku ya Hesabu inayosubiriwa na waumini. Tofauti ya sura hizo si ndogo. Katika ile ya kwanza mtu huhesabiwa na wengine, kama mbuzi zizini. Katika ile ya pili mtu husimama akasema. Historia ya mashine inayohukumu ni historia ya safari kutoka sura ya pili kwenda sura ya kwanza.

Hata jina la chombo chenyewe halijatulia. Wapo wanaosema akili bandia, wapo wanaosema akili mnemba, na wapo wanaosema akili unde. Atumiaye bandia hutia shaka, kwani bandia ni kitu kinachojifanya kuwa kingine. Atumiaye unde huueleza ufundi tu bila ya kulaumu. Uchaguzi wa istilahi hapa tayari ni maoni.

3. Wanahisabati waingia mahakamani

Mnamo 1785 Condorcet wa Ufaransa alichapisha kitabu kuhusu matumizi ya hesabu za uwezekano katika maamuzi yanayopitishwa kwa wingi wa kura. Alitaka kujua ni wazee wangapi wa baraza wanaohitajika, na wangapi kati yao wakubaliane, ili uwezekano wa kumwadhibu asiye na hatia uwe mdogo kiasi cha kuvumilika. Miaka 52 baadaye, yaani 1837, mwenziwe Poisson alichapisha kitabu kizito juu ya uwezekano wa hukumu katika mashauri ya jinai na ya madai. Poisson alikuwa na kitu ambacho Condorcet hakuwa nacho: takwimu za mahakama za jinai za Ufaransa, ambazo serikali ilikuwa imeanza kuzikusanya mwaka hata mwaka tangu 1825.

Si kila mtu aliridhika. John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mantiki cha 1843, aliyataja matumizi hayo ya hesabu katika ushahidi na katika mabaraza kuwa ni aibu kwa hisabati. Lakini jambo moja lapaswa kukumbukwa kwa uadilifu. Wataalamu hao wa Ufaransa hawakuwa wakimpima mshtakiwa. Walikuwa wakiwapima wahukumu, yaani walitaka kujua ni mara ngapi baraza la binadamu hukosea. Hesabu ilikuwa imeelekezwa kwenye kiti cha hukumu, si kizimbani.

Mgeuko ulikuja baadaye. Mnamo 1876 Cesare Lombroso wa Italia alichapisha kitabu chake juu ya mtu mhalifu, akidai kwamba wahalifu wa kuzaliwa hutambulikana kwa maumbile ya fuvu na uso. Madai yake yalikuja kukanushwa, lakini yalikuwa yameshaacha urithi mmoja: macho yaliondoka kwenye tendo yakaenda kwa mtendaji, na yakaondoka kwenye lililotendeka yakaenda kwenye linaloweza kutendeka.

Urithi huo ulipata umbo la kikompyuta kabla ya kompyuta huko Illinois, Marekani. Mnamo 1928 mwanasosholojia Ernest Burgess wa Chuo Kikuu cha Chicago alichunguza kumbukumbu za wafungwa 3,000 walioachiliwa kwa masharti kutoka magereza matatu ya jimbo hilo. Alizigawa habari zao katika mambo 21: aina ya kosa, kazi, ndoa, utaifa wa baba, mtaa alikotoka mtu, na kadhalika. Kwa kila jambo ambalo kundi la mfungwa lilifanya vizuri kuliko wastani, mfungwa alipewa alama moja. Alama zikajumlishwa. Kadiri alama zilivyokuwa nyingi, ndivyo matumaini ya kwamba mtu atashika masharti yalivyokuwa makubwa. Katika miaka ya 1930 magereza ya Illinois yalianza kuajiri watu wa kufanya hesabu hizo.

Kwa mwanafunzi wa lugha, jedwali la Burgess ni hati ya kufikirisha. Miongoni mwa mambo 21 lilikuwamo jambo la aina ya mtu katika jamii, na majina ya aina hizo yalikuwa ya mitaani: mzururaji, mlevi, mtu asiyefaa kitu, mhamiaji mgeni, kijana wa shamba. Matusi na sifa za barazani ziliingia upande mmoja wa jedwali, zikatokea upande wa pili zikiwa tarakimu. Baada ya hapo hakuna aliyeziona tena kuwa ni matusi.

4. Kadi ya Anderton

Mnamo Januari 1956 jarida la Marekani la Fantastic Universe lilichapa hadithi fupi ya Philip K. Dick iitwayo The Minority Report. Katika hadithi hiyo, mauaji yamekwisha kukomeshwa kwa sababu watu watatu wenye kipawa cha kuona yajayo huketi mchana kutwa wakinong'ona maneno yasiyoeleweka, na mashine huyachambua maneno hayo na kuyageuza kuwa kadi zenye jina la atakayeua na jina la atakayeuawa. Polisi humkamata mtu kabla hajatenda. Wawili kati ya watatu wakikubaliana, ripoti yao ya wengi ndiyo inayotumika. Ya tatu, isiyokubaliana, ndiyo iliyoipa hadithi jina lake.

Mkuu wa idara hiyo, mzee John Anderton, siku moja anaitazama kadi inayotoka na kuliona jina lake. Inasema atamwua mtu asiyemjua, ambaye baadaye anatambulikana kuwa ni jenerali mstaafu Leopold Kaplan. Mwishoni inafunuliwa kwamba kila mmoja wa watabiri watatu alitoa ripoti yake ya pekee. Wa kwanza aliona kwamba Anderton ataua. Wa pili aliona kwamba Anderton, baada ya kuisoma ripoti ya kwanza, atabadili nia asiue. Wa tatu aliona kwamba, baada ya kuyajua yote mawili, ataua tena. Na kweli Anderton anamwua Kaplan, ili kuiokoa idara yake isifedheheke, kisha anahamishiwa sayari nyingine.

Mtunzi anaweka wazi jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka. Kisa hicho hakingeweza kumpata raia wa kawaida. Kilimpata Anderton kwa sababu yeye peke yake alikuwa na njia ya kuziona kadi. Raia wa kawaida hakuisoma hesabu yake, alikamatwa tu. Kwa hiyo utabiri ulionekana kuwa sahihi daima kwa sababu aliyetabiriwa hakupewa nafasi ya kuujua na kuukanusha kwa mwenendo wake. Dick aliandika haya katika zama za kadi za kutobolewa, wakati majedwali ya akina Burgess yalikuwa yamekwisha kutumika Illinois kwa takriban miaka 20.

5. Jaji anapokuwa shahidi

Steven Spielberg aliipiga filamu ya hadithi hiyo katika mwaka wa 2001, na ilitolewa Juni 2002. Tom Cruise alicheza sehemu ya Anderton, ambaye hapa si mzee bali ni kijana wa makamo aliyempoteza mwanawe. Mwaka ni 2054, na mji ni Washington. Kwa miaka sita idara ya kuzuia mauaji imefanya kazi mjini humo, na sasa wananchi wanatakiwa kupiga kura ili ienezwe nchini kote. Upigaji wa picha ulikwisha kabla ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Lakini watazamaji waliiona filamu baada ya mashambulizi hayo, wakati serikali yao ilikuwa ikiwazuilia watu kwa tuhuma ya mambo ambayo wangeweza kuyatenda. Hivyo filamu iliyotungwa kuwa ndoto ya mbali ilipokelewa kama habari za karibu.

Tukio la mwanzo lastahili kutazamwa kwa makini. Anderton anasimama mbele ya kioo akizipanga picha za mauaji yatakayotokea asubuhi hiyo. Pembeni, kwa njia ya video, wamo watu wawili, mmoja wao Jaji Mkuu. Wameitwa kuwa mashahidi. Wanathibitisha kwamba wameona, basi. Mume aliyeinua mkasi juu ya mkewe na mpenzi wake anakamatwa akilia kwamba hakukusudia kufanya lolote, na maneno yake hayamfikii mtu yeyote mwenye mamlaka ya kuyapima. Hapana kesi, hapana utetezi, hapana rufani. Mwenye hekima amekuwa mtazamaji, na hukumu imetangulia tendo.

Filamu inatofautiana na hadithi ya Dick katika kiini cha siri. Anderton anaambiwa na mwanzilishi wa utaratibu huo kwamba mara chache watabiri hutofautiana, na kwamba ripoti za wachache huharibiwa ili watu wasiupoteze uaminifu wao. Ukamilifu wa chombo umejengwa juu ya kuificha shaka. Kisha inadhihirika kwamba mkurugenzi wa idara, Lamar Burgess, alimwua mama wa mmojawapo wa watabiri kwa kuutumia udhaifu wa chombo chenyewe. Mafundi walikuwa wamezoezwa kuzitupa picha zinazojirudia, wakizichukua kuwa ni mwangwi. Naye akapanga mauaji yake yafanane na mwangwi. Jina la mkurugenzi huyo linalingana na la mwanazuoni wa Illinois, ingawa hakuna haja ya kujenga hoja juu ya ulinganifu wa majina. Lililo muhimu ni kwamba mwamba ngoma huvutia kwake: anayeamua ni picha gani itunzwe na ipi itupwe, ndiye hakimu wa kweli, hata kama anaitwa fundi. Mwishoni Burgess anajiua, idara inafungwa, na waliofungwa wanaachiliwa.

6. Alama za Wisconsin na Florida

Miaka kumi na minne baada ya filamu hiyo, jambo lililo karibu nayo liliamuliwa na mahakama halisi. Katika jimbo la Wisconsin, mtu mmoja aliyekiri makosa mawili yaliyohusu gari, baada ya tukio la ufyatuaji wa risasi la 2013, alihukumiwa kifungo cha miaka sita. Katika kumwadhibu, jaji alitaja pia alama zilizotolewa na programu ya kompyuta iitwayo COMPAS, mali ya kampuni ya Northpointe, ambazo zilimwonyesha kuwa mtu wa hatari kubwa ya kurudia kosa. Mshtakiwa alipinga. Aliweza kuziona alama na majibu ya maswali yaliyotumika, lakini namna kila jibu lilivyopewa uzito ilikuwa siri ya biashara.

Tarehe 13 Julai 2016 Mahakama Kuu Kabisa ya Wisconsin, katika shauri la Jimbo dhidi ya Loomis, iliamua kwamba alama hizo zaweza kutumika, mradi zisiwe ndizo zinazoamua adhabu, na mradi jaji apewe maonyo ya maandishi kuhusu mipaka yake. Mahakama iliona kwamba mshtakiwa alikuwa na nafasi ya kusahihisha habari zilizoingizwa. Jaji Shirley Abrahamson alikubaliana na matokeo, lakini aliandika maoni yake mbali, akieleza kwamba mahakama yenyewe ilikuwa na upungufu wa kukielewa chombo ilichokuwa ikikijadili. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ilikataa kulisikiliza shauri hilo.

Miezi miwili kabla ya uamuzi wa Wisconsin, yaani Mei 2016, shirika la habari la ProPublica lilikuwa limechapisha uchunguzi wa alama za COMPAS walizopewa watu zaidi ya 7,000 waliokamatwa katika wilaya ya Broward, Florida. Miongoni mwa Weusi ambao baadaye hawakurudia kosa, asilimia 44.9 walikuwa wametiwa katika daraja za hatari. Miongoni mwa Weupe wa namna hiyo, asilimia 23.5. Kampuni ilijibu kwamba chombo chake ni cha haki, kwa kuwa alama ileile ilikuwa na maana ileile kwa watu wa rangi zote: wenye alama sawa walirudia makosa kwa kiwango kinachokaribiana.

Pande zote mbili zilisema kweli kwa hesabu zao. Wanahisabati walionyesha muda mfupi baadaye kwamba, ikiwa makundi mawili yana viwango tofauti vya kukamatwa tena, chombo kisichokuwa na uhakika kamili hakiwezi kutimiza vipimo vyote viwili vya haki kwa pamoja. Hapana budi kimoja kichaguliwe. Na kuchagua ni kazi ya kihukumu, si ya kihesabu. Tena izingatiwe kwamba hesabu hizo hazipimi uhalifu bali zinapima kukamatwa. Mtaa ambao polisi hawaondoki utatoa wakamatwa wengi, na wakamatwa hao watakuwa sababu ya polisi kurudishwa. Mnamo 2018 watafiti wawili, Dressel na Farid, walionyesha pia kwamba watu wa kawaida wasio na ujuzi wa sheria, wakipewa habari chache, walibashiri kwa usahihi uliokaribiana na ule wa COMPAS. Hekima iliyodaiwa kuwamo ndani ya sanduku haikuwa kubwa kuliko ya wapita njia.

7. Nani atoe hesabu?

Baada ya hapo sheria zilianza kujibu. Mji wa Los Angeles uliacha programu ya kubashiri mahali pa uhalifu mnamo Aprili 2020, na mwezi Juni mwaka huohuo mji wa Santa Cruz, California, ukapiga marufuku ubashiri wa namna hiyo. Kanuni za Umoja wa Ulaya za 2024, ambazo makatazo yake yalianza kutumika tarehe 2 Februari 2025, zinakataza mifumo inayokadiria hatari ya mtu kutenda kosa kwa kutegemea sifa zake za kinafsi peke yake. Ni kama Ulaya imeifunga idara ya Anderton kabla haijafunguliwa.

Nchini Kenya jambo hili lina msingi wake wa kisheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 50, inampa mshtakiwa haki ya kuchukuliwa kuwa hana hatia, haki ya kufahamishwa mapema ushahidi unaokusudiwa kutumiwa na kuufikia kwa kiasi cha kuridhisha, na haki ya kupata mkalimani bila malipo iwapo haifahamu lugha inayotumika mahakamani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, sehemu ya 35, nayo inampa mtu haki ya kutofungwa na uamuzi wenye athari kubwa kwake uliofanywa na mashine peke yake.

Haki ya mkalimani ndiyo inayowagusa wanalugha moja kwa moja. Iliwekwa kwa sababu hukumu isiyofahamika kwa anayehukumiwa si hukumu kamili. Mahakama ikimhukumu msemaji wa lugha moja kwa lugha nyingine bila tafsiri, kila mtu huona dhuluma. Lakini alama iliyotoka katika kanuni zilizofichwa ni lugha ambayo si mshtakiwa tu asiyeifahamu; wakili haifahamu, na jaji haifahamu. Hakuna mkalimani wake, kwa sababu mwenye lugha amekataa kuifundisha.

Kwa mtazamo huo, filamu ya 2026 iliyotajwa mwanzoni inapata nafasi yake katika historia. Mshtakiwa wa Mercy amepewa kitu ambacho raia wa Dick hakupewa, na ambacho mshtakiwa wa Wisconsin alinyimwa nusu yake: anaweza kuifungua hazina ya kumbukumbu za mji mzima, akatafuta cha kumtetea. Ameruhusiwa kusema. Lakini amenyang'anywa kingine kilicho kikubwa zaidi. Anachukuliwa kuwa na hatia hadi athibitishe vingine, naye ana dakika 90 tu. Kadi ameisoma, ila mzigo wa kuikanusha umehamia kwake. Kwa hiyo katika miaka 70, kutoka 1956 hadi 2026, watunzi wameutoa mlango mmoja wa haki na kuufunga mwingine, na katika kila hali wameonyesha kwamba mlango mmoja hautoshi.

Mahakama za binadamu nazo si safi. Condorcet na Poisson walilijua hilo, na ndiyo sababu walilielekeza jicho la hesabu kwa wahukumu. Huenda hapo ndipo palipo na matumizi bora ya mashine hizi: kupima ni mara ngapi mahakama hukosea, ni nani wanaonyimwa dhamana, na ni mitaa ipi inayolipa kwa makosa ya wote. Hiyo ingekuwa hesabu ya sura ya kwanza katika kuitumikia sura ya pili. Ama mashine inayomhesabu mtu bila ya kumsikia, bila ya yenyewe kutoa hesabu kwa yeyote, haiwezi kuitwa hakimu katika Kiswahili bila ya kuuvunja mzizi wa neno lenyewe.